Etna, Marsala au Vittoria? Kuchagua kona ya Sisilia kwa safari ya kuonja mvinyo

Sisilia, kisiwa cha kusini mwa Italia, ina karibu kilomita za mraba 25,700. Ichukue Rwanda nzima, izungushie bahari, ndiyo hiyo. Naanza na ukubwa kwa sababu neno "kisiwa" linadanganya: mtu anafungua ramani, anaona mizabibu imetapakaa pande zote, anajiambia siku tano zinatosha kuionja yote. Mimi nilijiambia hivyo hivyo. Siku mbili Etna, mbili Marsala, moja ya kupumzika. Kumbe kutoka Catania, mji ulio chini ya Etna, hadi Marsala ni zaidi ya kilomita 300. Nilifika saa kumi na moja jioni kwenye lango la kiwanda nilichokiota kwa miezi, wageni wa mwisho wakiwa wameshatoka. Niliyaona mapipa kupitia uwazi wa mlango, nikageuza gari. Kesho yake ilikuwa Jumapili, na hapakuwa na mtu.

Tangu siku hiyo kila anayeniuliza namwambia achague kona moja, alale hapo usiku nne, aijue. Na kwa anayeombea visa Dar es Salaam, Nairobi au Kampala uamuzi huu hauwezi kusubiri, maana ombi la Schengen, visa ya pamoja ya nchi nyingi za Ulaya, linataka utaje unalala wapi na lini.

Kona ninazozilinganisha ni tatu: miteremko ya mlima Etna upande wa kaskazini mashariki, Marsala na pwani ya magharibi, na Vittoria pamoja na nchi ya Noto, kusini mashariki. Nitazipima kwa mambo matano. La kwanza ni kilichomo kwenye glasi. La pili ni usafiri, kwa sababu aliyeonja hashiki usukani. La tatu ni mapokezi na bei, la nne ni yule mnayesafiri naye ambaye hanywi, na katika familia zetu huyo huwepo mara nyingi. La tano ni majira.

Kilichomo kwenye glasi

Etna ni volkano hai yenye urefu wa zaidi ya mita 3,300, na mizabibu yake imepandwa takribani kati ya mita 400 na 1,000 juu ya bahari, kwenye matuta yaliyojengwa kwa mawe meusi ya lava bila saruji. Eneo la mvinyo limeuzunguka mlima kama mwezi mchanga, likiacha upande wa magharibi. Zabibu nyekundu inayotawala ni Nerello Mascalese. Nyeupe ni Carricante, na ile ya Milo, upande wa mashariki unaoelekea bahari, ndiyo peke yake inayoruhusiwa kuitwa Etna Bianco Superiore. Sheria inayolinda jina la Etna kwenye mvinyo ni ya mwaka 1968, ya kwanza kabisa kisiwani.

Anayetarajia mvinyo mzito wa nchi ya jua atashangaa. Nerello ni mwepesi wa rangi, una uchachu wa wazi na ukakasi unaobaki kwenye fizi. Ladha yake inageuka shamba kwa shamba. Wenyeji hugawa mlima kwa maeneo wanayoyaita contrada, na mwaka 2011 yaliorodheshwa rasmi 133. Mlipuko mmoja ulimwaga lava hapa, mwingine ukamwaga pale karne kadhaa baadaye, na udongo uliozaliwa humo haufanani. Karibu na kijiji cha Passopisciaro mwenyeji wetu alitoa chupa mbili za mwaka mmoja, zabibu ileile, mashamba yanayoonana kwa macho. Ya kwanza ilikuwa na rangi ya juisi ya rosela iliyotiwa maji, harufu ya matunda mekundu yaliyotoka kuchumwa. Ya pili ilikuwa na moshi kidogo, na ukakasi ulionifanya nitafute kipande cha jibini. Kisha akanitilia mkononi jiwe kubwa kama ngumi. Lilikuwa jepesi kama mkate.

Baadhi ya mizabibu hapa ina zaidi ya miaka 100 na imesimama kwa mizizi yake yenyewe, kwa sababu filoksera, yule mdudu aliyeangamiza mashamba ya Ulaya karne ya 19, hapatani na mchanga wa volkano. Hupandwa kama kijiti kinachojisimamia, kila mmoja na kigingi chake cha mti wa chestnati. Mtindo huo huitwa alberello, yaani mti mdogo. Trekta haipiti. Anayelalamikia bei ya chupa ya Etna angesimama kwanza kati ya matuta hayo na jembe.

Marsala ni hadithi nyingine kabisa. Mwaka 1773 mfanyabiashara Mwingereza, John Woodhouse, alianza kuusafirisha mvinyo wa hapa kwenda kwao, akiuongezea pombe iliyokenekwa kutokana na zabibu ili usiharibike baharini. Mwaka 1833 Vincenzo Florio naye akafungua kiwanda, na jina la familia yake bado limeandikwa ukutani pale ufukweni. Wengi wanaijua Marsala kama kitu cha kumwagia kwenye mchuzi wa nyama, na hilo huniuma, kwa sababu walichoonja ni ngazi ya chini. Ile iitwayo Fine hukaa mwaka mmoja tu. Superiore hukaa miwili, Riserva yake minne, Vergine mitano, na kuna Vergine inayokaa kumi na zaidi. Ukifika, omba Vergine. Haitiwi sukari wala maji ya zabibu yaliyopikwa. Harufu yake ni lozi, ganda la chungwa lililokauka na chumvi ya bahari, nayo hubaki mdomoni mpaka umeshasahau kwamba umemeza.

Wapo pia waliokataa kuongeza pombe. Marco De Bartoli alirudi kwenye desturi ya kabla ya Waingereza: pipa halimalizwi, kinachotolewa hujazwa kwa mvinyo mpya, wa zamani unaendelea kuufundisha mdogo wake. Mvinyo huo, Vecchio Samperi, haubebi jina la Marsala, lakini kwangu ndio sababu tosha ya kwenda magharibi.

Halafu kuna zabibu yenye jina la nyumbani. Zibibbo, inayonukia kama ua la mchungwa, imetokana na zabib ya Kiarabu, neno lilelile lililotupa "zabibu". Waarabu waliingia Sisilia mwaka 827 kupitia Mazara, karibu na Marsala, na lugha yao haijatoka. Hata Etna wazee huuita Mongibello: monte ni mlima kwa Kiitalia, na hiyo gibello ni jabali letu. Grillo, zabibu nyeupe ya Marsala, ni mtoto wa Catarratto na Zibibbo. Siku hizi hutengenezewa pia mvinyo mkavu, usio mtamu, mzuri kwa samaki.

Vittoria inakaa kati ya hao wawili kwa tabia. Cerasuolo di Vittoria ndiyo mvinyo pekee wa Sisilia wenye daraja la juu kabisa la Italia, DOCG, tangu 2005. Ni mchanganyiko wa Nero d'Avola, kati ya asilimia 50 na 70, na Frappato kwa iliyobaki. Nero d'Avola inaleta mwili na giza. Frappato inaleta harufu ya stroberi na wepesi wa kunywea mchana. Kama huna mazoea na mvinyo, hapa ndipo glasi itakukaribisha bila maswali. Kampuni ya COS, iliyoanzishwa mwaka 1980 na vijana watatu, hukomazia sehemu ya mvinyo wake kwenye mitungi ya udongo iliyofukiwa hadi shingoni. Ukiingia chumba hicho unaona midomo ya mitungi tu, imepangwa sakafuni kwa mistari.

Usafiri

Hapa Marsala inaongoza kwa mbali. Uwanja wa ndege wa Trapani-Birgi uko jirani, Palermo ni mwendo wa saa moja na nusu hivi kwa gari, na treni inaingia mjini. Viwanda vikubwa vya Florio, Pellegrino na Donnafugata vina maghala yao mjini humo, kwa hiyo unaweza kuonja asubuhi, ukale, ukalale kidogo, ukaonje tena, yote kwa miguu. Ardhi ni tambarare na baiskeli inafaa.

Etna inadai mipango. Barabara zinapinda na viwanda vimefichwa nyuma ya kuta za mawe, vingine bila kibao. Ipo reli nyembamba ya Circumetnea, inayouzunguka mlima tangu mwisho wa karne ya 19, ikipita Bronte, Randazzo na Linguaglossa. Ni safari ya kupendeza, lakini Jumapili na sikukuu treni hazitembei, na upande wa Catania ratiba huvurugwa na ujenzi wa metro. Kwa kuonja hasa, kodi gari lenye dereva kwa siku moja au mbili. Mkiwa wanne gharama inagawanyika vizuri.

Vittoria bila gari haiwezekani. Barabara ni rahisi, za mashambani, na uwanja wa Comiso uko karibu, lakini basi halitakufikisha kwenye lango la shamba. Mmoja wenu ajitolee kutokunywa, au mtumie ndoo ya kutemea. Kutema si utovu wa adabu. Watengenezaji wenyewe hutema kutwa nzima.

Sheria ni moja kisiwani kote: kikomo cha pombe kwa dereva Italia ni gramu 0.5 kwa lita ya damu, na kwa mwenye leseni ya chini ya miaka mitatu ni sifuri. Leseni zetu za Afrika Mashariki zinahitaji kuandamana na kibali cha kimataifa cha udereva, kinachotolewa nyumbani kabla ya safari. Katikati ya miji mingi ya zamani kuna maeneo yaliyofungwa kwa magari ya wageni, yanayolindwa na kamera. Ukiona herufi ZTL kwenye kibao, usiingie.

Mapokezi na bei

Etna ndiyo ghali. Viwanda vingi ni vidogo na wageni ni wengi tangu mlima ulipopata jina. Mtengenezaji wa mvinyo Giuseppe Benanti alianza kuuamsha mwaka 1988. Baada ya 2000 wakaja watengenezaji wageni kama Frank Cornelissen kutoka Ubelgiji, na dunia ikafuata. Usishangae kuambiwa euro 40 au zaidi kwa mtu, mara nyingi pamoja na chakula. Andika barua pepe wiki kadhaa kabla na usisimame langoni ukibisha hodi. Ukishapokelewa unapewa muda: anayemimina mara nyingi ndiye aliyevuna.

Marsala kuna ratiba za ziara kwa lugha kadhaa, tiketi, na kiongozi aliyezoea. Bei ni nafuu. Unaweza kuhisi uko makumbusho, na kwa kweli maghala yale marefu yenye giza, mapipa yakipandana hadi mbali, ni makumbusho. Usipotajiwa mvinyo mkongwe, utaje mwenyewe: vifurushi vya bei ya chini huishia kwenye glasi tamu za kawaida.

Vittoria ni shambani. Utaoneshwa mchanga mwekundu na chokaa iliyo chini yake, huenda na mtu wa familia yenye shamba, na mazungumzo yatarefuka. Nafasi ni chache, kwa hiyo hapa pia weka miadi, lakini kibano cha Etna hakipo.

Asiyekunywa

Nilisafiri na shemeji yangu asiyegusa pombe, na niseme wazi: Marsala ndiyo iliyomfurahisha. Pwani ya kaskazini ya mji ina mabwawa ya chumvi yenye vinu vya upepo, na jioni maji yale hugeuka waridi. Mashua ya dakika chache inakupeleka Mozia, kisiwa cha Wafinisia, mabaharia wa kale, kilichonunuliwa na kuchimbuliwa na Joseph Whitaker, mrithi wa utajiri wa mvinyo wa Marsala. Humo kuna sanamu ya kijana ya marumaru, iliyopatikana mwaka 1979, vazi lake limechongwa kwa mikunjo myembamba hadi unadhani ni kitambaa kilicholowa. Shemeji alisimama mbele yake muda mrefu kuliko nilivyosimama mimi mbele ya pipa lolote. Trapani tukala kuskusi ya samaki, ngano iliyopikwa kwa mvuke kwa saa kadhaa, mchuzi pembeni.

Etna inamfaa anayependa kutembea: gari la kamba kutoka Rifugio Sapienza linapanda hadi mita 2,500 hivi, kuna korongo la Alcantara, kuna Taormina, na Bronte kuna pistachio za kutia kwenye kila kitu. Kwa wazee na watoto wadogo mlima unachosha.

Kusini mashariki ni kwa mpenda miji. Tetemeko la mwaka 1693 liliangusha Noto, Ragusa na Modica, zikajengwa upya kwa mtindo mmoja wa mawe ya rangi ya asali. UNESCO imezitambua tangu 2002. Modica ina chokoleti inayosagwa bila joto kali, kwa hiyo sukari haiyeyuki na unaisikia ikikwaruza ulimi. Mtoto hatakuuliza tunaondoka lini.

Popote uendapo, mweleze mwenyeji mapema kwamba mmoja wenu hataonja. Ataandaa maji, juisi na sahani, na hatamsukumia glasi.

Majira

Kwa mtu wa Dodoma, anayevuna zabibu mara mbili kwa mwaka, kalenda ya hapa inataka kuzoewa. Mavuno ni mara moja, na yanapanda kisiwa kama ngazi: magharibi huanza Agosti, Vittoria huwa Septemba, Etna mara nyingi Oktoba kwa sababu ya baridi ya mlimani. Ukitaka kuona watu wakivuna, chagua kona kwa tarehe ya likizo yako. Ila jua kwamba wiki hizo wenye viwanda vidogo hawana nafasi ya kupiga soga. Mei na Juni mapema ndiyo miezi yangu.

Julai na Agosti kusini mashariki na Marsala ni tanuri, na upepo wa siroko kutoka Afrika unapovuma hata kivuli hakisaidii. Etna usiku utataka sweta. Mlima nao una mambo yake: majivu yakiruka, uwanja wa Catania hufungwa kwa saa kadhaa au zaidi, kwa hiyo usiunganishe ndege ya kurudi nyumbani kwa dakika za mwisho.

Uende wapi, basi

Ukiwa umeshaonja sana na unataka kuelewa kwa nini mashamba mawili jirani hutoa ladha mbili, nenda Etna, ulale Randazzo au Castiglione di Sicilia badala ya Taormina, ujiwekee viwanda viwili kwa siku, si vinne. Bajeti iwe pana.

Huendeshi gari, au unasafiri na wazazi, au fedha ni ya kupima: Marsala. Siku tatu mjini, moja Mozia, moja Trapani. Kama unazo siku mbili za ziada, kutoka Trapani kuna meli na ndege za Pantelleria, kisiwa kilicho karibu zaidi na Tunisia kuliko Sisilia yenyewe. Huko Zibibbo hupandwa ndani ya vishimo ili upepo usiing'oe, kilimo kilichotambuliwa na UNESCO mwaka 2014, na huanikwa juani kabla ya kukamuliwa kuwa passito, mvinyo mtamu wenye rangi ya asali mbichi. Meli huchukua saa nyingi na bahari ikichafuka hughairiwa, kwa hiyo usiiweke mwisho wa safari.

Mkiwa wachumba au familia, mmoja anapenda mvinyo na mwingine anapenda majengo na chakula, mkodi gari mkalale Ragusa Ibla au Modica. Asubuhi shamba moja, mchana mji mmoja. Ndiyo kona ninayompendekezea anayeonja kwa mara ya kwanza.

Una siku kumi? Etna na Vittoria zinaungana vizuri, kwani Catania hadi Ragusa ni kama kilomita 100. Marsala iache kwa safari yake, au uingilie Palermo na kutokea Catania ili usirudie barabara ileile.

Na chupa za kurudi nazo: zifunge kwenye nguo katikati ya begi kubwa, usizibebe mkononi. Forodha za Jumuiya ya Afrika Mashariki zinaruhusu lita mbili za mvinyo kwa msafiri bila ushuru. Za kawaida ni mililita 750, kwa hiyo mbili zinapita na nafasi inabaki kidogo. Mimi nilirudi na Vergine moja na Cerasuolo moja. Ile ya pili ilinyweka wiki hiyohiyo kwa wali na samaki wa kupaka. Vergine ipo bado kabatini, imefunguliwa tangu mwezi uliopita, na kila Ijumaa natoa kidole kimoja.